Nilivyomwitikia Shoga Yangu Marahaba

Aibu niliyoipata leo ni kubwa, siwezi kuila peke yangu. Nimeshuka kwenye lori hapa Same, dereva anakula ugali, mimi hata maji hayapiti. Basi bora niandike. Someni, lakini mkimaliza msinipigie.

Kwa wasionijua, naitwa Mwajuma, wengi wananiita Mama Keki kwa sababu ya kazi yangu ya kuoka. Mwaka jana nilihama Dar nikaenda kuishi Arusha. Wengi wenu mnalijua hilo kwa sababu niliwatangazia. (Hata ambao hawakuuliza niliwatangazia.)

Dar ilikuwa imenishinda. Mwenye nyumba wangu wa Mbagala alikuwa akipandisha kodi kila akiona nimenunua kitu. Nikinunua friji, kodi inapanda. Nikinunua oveni, inapanda. Ilifika mahali nikinunua hata ndoo naiingiza ndani nimeifunga kwenye kanga. Na joto nalo. Ukisimama mbele ya oveni mchana wa Januari hujui anayeokwa ni nani, wewe au keki. Siku moja nikaona kwenye simu nyumba ya kupanga Ngaramtoni, kule upande wa juu, vyumba viwili na uwanja wake, kwa kodi ambayo Mbagala unapata chumba kimoja na choo cha kuchangia na watu wenye hasira. Nikafunga mizigo.

Kosa langu ni kwamba niliaga vibaya. Kwenye kundi letu la majirani wa zamani niliandika, "Nawaacha na joto lenu." Mtu ukishaaga hivyo huwezi kurudi baada ya miezi miwili ukasema unasikia baridi.

Na nilisikia baridi, jamani. Mafuta yangu ya nazi yaliganda wiki ya kwanza, nikawa nayachota kwa kijiko kama siagi. Nguo nikifua Jumatatu naivaa Alhamisi, na bado ina unyevu kwapani. Lakini kilichonimaliza ni unga. Dar nilikuwa nakanda, nageuka kuosha bakuli, nikirudi umeshaumuka unataka kutoka nje. Ngaramtoni nakanda alfajiri, mpaka saa saba mchana umelala vile vile nilivyouacha, umenuna. Nikaanza kulala nao. Nakanda jioni, naufunika, naingiza beseni kitandani, nalikumbatia hadi asubuhi. Kuna siku niliamka nimelalia skonzi. (Wateja wangu wa siku ile, tusameheane.)

Sasa kwenye kundi nilikuwa naandika nini? Naamka, nachungulia kama mlima umetoka kwenye wingu. Ukitoka tu, navua sweta zote mbili na soksi, navaa dera la mikono mifupi, napiga picha nimeshika kikombe, halafu nakimbilia blanketi meno yakigongana. Chini ya picha naandika, "Asubuhi tulivu chini ya Mlima Meru. Maziwa ya ng'ombe wa jirani, kodi ya kutupa. Mnasubiri nini huko?"

Ninyi mlikuwa mnanipa makopa, vile vimioyo vyekundu, na kuendelea na shughuli zenu. Zuhura ndiye aliyekuwa akiuliza maswali. Maji je? Yapo. Ndizi je? Siku ya soko hapa Ngaramtoni utazikimbia. Na nyumba, mtu akija anapata? Nikamjibu, "Zuhura, huku ukifika asubuhi, jioni una nyumba."

Zuhura ni shoga yangu wa Mbagala. Amenizidi umri, na nilipofiwa na mama yangu yeye ndiye aliyekaa na mimi mpaka nikaweza kula. Mumewe, Idrisa, ni fundi simu, mtu mpole asiyependa maneno. Mimi nilipoondoka Dar, na wao walihama Mbagala wakaenda Tabata, kwenye nyumba ambayo sikuwahi kuiona.

Mwenye nyumba wangu wa Ngaramtoni yeye ni mama wa Kiarusha aliyekula chumvi nyingi. Tunamwita Koko, ndivyo wanavyoita bibi kwa lugha yao. Ana ng'ombe wake, ana mahindi yake, Jumapili hakosi kanisani, na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Mwezi uliopita alikuja mlangoni kwangu, akavuta kigoda, akakaa, akaniambia kodi inapanda.

"Koko, kwa nini tena?"

"Watu wa Dar wanakuja wengi," akasema. "Wanakuja na simu. Wananionyesha picha ya mlima na migomba yangu. Wanasema wanataka nyumba kama hii."

"Picha wamezitoa wapi?"

Akanitazama kwa huruma. "Wewe umo kwenye picha. Umeshika kikombe."

Ndivyo nilivyojipandishia kodi kwa mikono yangu mwenyewe.

Biashara hailipi, kodi imepanda, mwili hauna joto. Nikaamua kurudi Dar. Lakini kimya kimya. Mpango wangu ulikuwa hivi: nihame bila mtu kujua, niishi Dar kwa kujificha, na niendelee kuwatumia picha za mlima kama kawaida. (Nilishazipiga za kutosha mpaka Krismasi. Nilibadilisha na madera ili msishtuke.)

Nikatafuta dalali kwa simu. Akanitumia picha za nyumba Tabata, sebule pana, dirisha lenye pazia la maua, ukuta uliopakwa rangi mbili, juu nyeupe, chini kahawia mpaka usawa wa kiuno. Nikaona hapa mwenye nyumba ana jicho la urembo. Tabata ni kubwa, sikuwaza zaidi. Nikamuuliza, "Maji vipi?"

"Dada, maji hapo siyo tatizo kabisa."

Nikalipa miezi sita mbele. Akiba yangu yote ikaenda humo. Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kuhama.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba lori nililolikodi nililisikia kabla sijaliona. Dereva anaitwa Elibariki, kijana mstaarabu wa palepale Ngaramtoni. Tukaanza kupakia. Kitanda, oveni, friji, makochi. Katikati ya kupakia simu ikaita. Zuhura.

"Mwaju, uko nyumbani?"

"Niko wapi tena, shoga."

"Leo una safari?"

"Niende wapi na utulivu huu?" Nikasema hivyo nimeshika mguu wa kitanda.

"Basi usitoke," akasema, akakata. Nyuma yake nilisikia ngurumo ya gari kubwa. Nikadhani yuko kwenye basi anakwenda mjini kununua vitu vyake.

Tulipomaliza nilimpelekea Koko ufunguo. Alikuwa anakamua. Nikamwamkia, akaupokea, akautia kwenye mkunjo wa shuka lake bila kuacha kukamua. Halafu nikapanda lori, nikajifunika shuka langu jekundu la Kimasai magotini, na kabla hatujang'oka nikawatumia picha ya leo. Mliiona. Ile yenye anga ya bluu. (Nje ukungu ulikuwa hauonyeshi hata kuku.)

Njia ya kutoka kwa Koko ni nyembamba. Huku migomba, huku mfereji wa kumwagilia mashamba, katikati tope la mvua ambazo hazijakata. Gari moja linapita kwa shida, mawili hayapiti. Hatujafika hata nusu, mbele yetu likatokea lori jingine linapanda. Elibariki akakanyaga breki. Na lile likakanyaga. Yakasimama uso kwa uso kama mafahali wawili waliokutana kwenye mlango wa zizi.

Dereva wa kule akatoa kichwa. "Kaka, rudi nyuma kidogo."

"Rudi wewe," Elibariki akamwambia. "Mimi nimepakia."

"Hata mimi nimepakia. Vyombo vya nyumba nzima."

"Unavipeleka wapi?"

"Hapo juu. Kwa mmoja anaitwa Mama Keki."

Elibariki akanigeukia polepole. "Mama Keki si wewe?"

Nikatazama vizuri. Juu ya lori lile, kwenye mizigo, kulikuwa na kabati la bluu. Kabati lile nalijua kwa sababu nilimsaidia mwenyewe kulipaka rangi. Na nyuma ya kioo cha mbele, katikati ya dereva na Idrisa, alikuwa amekaa Zuhura, anafuta ukungu kwa kiganja ili aone nani kamzibia njia.

Nikavuta shuka kutoka magotini nikajifunika kichwa chote. Nikaacha tundu la jicho moja.

"Mama, unaumwa?" Elibariki akauliza.

"Nyamaza."

Kupitia lile tundu nilimwona Zuhura akishuka. Alikanyaga tope na kandambili zake za Dar, moja ikabaki chini, akairudia, akaja nayo mkononi mpaka dirishani kwangu. Sura yake ilikuwa imevimba kwa usingizi wa njiani. Akainamisha kichwa kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

Hapa ningeweza kujifunua. Ningecheka, ningemkumbatia, ningemwambia shoga yangu dunia hii. Dakika mbili za aibu, yakaisha. Lakini mdomo wangu haukunisubiri.

"Marahaba," nikasema, kwa sauti ya bibi mwenye kikohozi. "Marahaba, mwanangu."

(Mwanangu. Mtu aliyenizidi umri.)

"Samahani kwa usumbufu, mama. Sisi tumetoka Dar tangu jana. Tunakwenda kwa rafiki yangu hapo juu, Mama Keki. Sijui unamfahamu?"

"Namsikia," nikasema.

"Tunaomba gari lenu lirudi kidogo tu tupite. Tumehama moja kwa moja. Kwetu muda ulikuwa umekwisha, tukasema badala ya kutafuta tena Dar, tuje huku. Tutashusha mizigo kwake siku chache huku tukitafuta pa kupanga. Hajui kama tunakuja, nataka nimshtukize."

Nikakohoa. Nilitegemea ataondoka. Zuhura akaegemea mlango wa lori, kama anavyofanya mtu aliyechoka akipata mtu mzima wa kumsikiliza.

"Unajua, mama, huyu rafiki yangu ndiye aliyetufungua macho. Mume wangu ameacha kibanda chake cha simu. Kibanda alichokaa tangu hatujaoana. Alikuwa anaogopa kuja. Nikamwambia Mwaju hawezi kunidanganya mimi. Wengine sawa, mimi hawezi. Akisema ni kuzuri, basi ni kuzuri."

Machozi yakaanza kunitoka humo humo ndani ya shuka. Elibariki alikuwa amezima injini ili asikie vizuri. Nilijaribu kuvuta kamasi kimyakimya, ikatoa sauti.

"Mama, mbona unalia?"

"Baridi," nikasema.

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli nililowahi kumwambia Zuhura kuhusu Arusha.

Naye, kwa roho yake ilivyo, akaanza kuvua mtandio wake ili anifunike. Akanyoosha mkono dirishani. Na hapo ndipo nikasikia sauti kutoka nyuma ya lori, sauti ambayo nimewaambia haipandi, leo imepanda.

"Mama Keki. Mama Keki, subirini."

Ni Koko. Alikuwa anateremka kwenye tope na viatu vyake vya matairi, hatelezi hata kidogo, amebeba beseni langu la unga kichwani.

"Umesahau chombo chako," akasema akifika dirishani. Halafu akamwona Zuhura, akampokea vizuri, mgeni ni mgeni. "Takwenya," akamsalimia kwa lugha yao. Zuhura hakujua ajibu nini, akasema shikamoo. Koko akaitikia, akaendelea, maana Koko ni mtu anayependa mgeni asibaki gizani. "Wewe ni ndugu yake? Umekuja kumchukua? Umefanya vizuri. Anarudi kwenu Dar. Baridi imemshinda kabisa. Huyu alikuwa analala na unga."

Nilisikia maji ya mfereji yakipita.

Zuhura alishika pindo la shuka kwa vidole viwili, kama mtu anayefunua sufuria asiyoijua, akalishusha. Tukatazamana. Mimi na kamasi zangu, yeye na kandambili mkononi.

"Karibu Arusha," nikamwambia.

Ndiyo, hayo ndiyo maneno niliyoyapata. Nimeyafikiria njia nzima tangu Ngaramtoni na bado sijapata mengine.

Idrisa akaita kutoka kule kwenye lori lao, "Zuhura, huyo si Mwaju?"

"Siye," Zuhura akamjibu bila kuniondolea macho. "Ni bibi mmoja hapa. Kaniitikia marahaba."

Elibariki akarudisha lori nyuma mpaka uwanjani bila kuambiwa. Lori lao likafuata. Koko akatutangulia kwa miguu, beseni kichwani, kama anaongoza harusi. Alituketisha kibarazani kwake, akatuchemshia chai ya maziwa. Idrisa akanisalimia kwa upole kama siku zote, na upole ule uliniumiza kuliko matusi. Zuhura alikunywa chai yake, akajaziwa, akanywa tena. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu ndani ya soksi.

Mwishowe akasema, "Ungeniambia tu, Mwaju. Unadhani ningekucheka?"

"Ungenicheka."

Akafikiri. "Ningekucheka," akakubali. "Halafu ningekutumia sweta."

Nikalia tena, na safari hii hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Koko, ambaye alikuwa ameshaelewa habari yote ingawa hakuna aliyemsimulia, akasema nyumba iko wazi, mwenyewe anaondoka, wageni wana vyombo, kwa hiyo tatizo liko wapi? Akawatajia kodi. Ile kodi mpya, iliyonifukuza mimi. Idrisa na Zuhura wakatazamana, na nikaona nyuso zao zikifunguka.

"Hiyo tu?" Idrisa akauliza.

(Koko aliinamia birika lakini nilimwona. Alikuwa anajutia bei.)

Na kama hiyo haitoshi, ukungu ukaanza kufunguka. Wiki nzima Mlima Meru ulikuwa umenifichia uso, sikuuona hata bega. Wao wamekaa dakika chache, ukatoka wote, mpaka kileleni, umeoshwa. Idrisa akasimama na kikombe chake cha chai, akautazama. Halafu akacheka peke yake kama mtoto. Sijawahi kumwona Idrisa akicheka. Nilitaka kumwambia hewa hii jioni itamgeuka. Nikanyamaza. Kwa mambo ya hali ya hewa nilikuwa sina tena sauti.

Wakaanza kushusha mizigo. Kabati la bluu likaingia pale pale nilipokuwa nimeweka la kwangu, likaenea kama limepimwa. Zuhura alikuwa amelainika kidogo, akanisogelea.

"Haya, na wewe unakwenda kukaa wapi?"

Nilishukuru kuulizwa. Nikaona angalau hapa nitaonekana mtu mwenye mpango. Nikatoa simu. "Nimepata Tabata. Nyumba nzuri, ina hewa. Tazama."

Akatazama. Akatazama tena. Akamwita mumewe, na yeye akatazama.

"Hilo pazia langu," Zuhura akasema.

Nikadhani anatania. Nikamwambia mapazia ya maua yako mengi Dar. Akaniambia ndiyo, lakini hilo alilishona yeye, likawa fupi upande wa kushoto, na ndiyo sababu ameliacha. Nikatazama upande wa kushoto. Lilikuwa fupi.

"Juzi juzi alikuja mtu kupiga picha," akasema. "Baadaye akarudi, akatuambia mwenye nyumba ameshapata mpangaji. Mama mmoja yuko mkoani, amelipa miezi sita bila kuja kuona. Mwaju, tulimhurumia huyo mama. Tulikaa hapo mezani tukawa tunamzungumzia."

"Tulimwombea dua kabisa," Idrisa akasema.

"Mlimhurumia kwa nini?" nikauliza.

Zuhura akaikuza picha kwa vidole, akanionyesha ile rangi ya kahawia ya chini. "Hii ulidhani nini?"

"Urembo."

"Hapo ndipo maji yanapofika mvua ikinyesha. Mwenye nyumba amechoka kusugua alama, akaamua kupaka rangi."

Nilimpigia dalali hapo hapo, nikaweka sauti ya nje ili nipate mashahidi.

"Wewe uliniambia maji siyo tatizo."

"Dada," akasema, wala hakushtuka, "mimi nilijua unauliza ya bomba."

"Nirudishie pesa yangu."

"Pesa ikishafika kwa mwenye nyumba, dada yangu, huwa haina tena njia ya kurudi." Kisha akasema mtandao unasumbua, na mtandao ukasumbua.

Koko akamuuliza Zuhura nini kimetokea. Akaelezwa. Akatikisa kichwa muda mrefu, akanijazia chai.

Zuhura akaniambia nibaki. Alisema kwa moyo, najua. Alisema vyumba ni viwili, tutabanana. Nikavitazama vile vyumba, nikaitazama mizigo yao ikiingia, nikamtazama Idrisa akitafuta mahali pa kuweka meza yake ya ufundi, mtu ameacha kibanda chake kwa maneno yangu. Na akiba yangu yote iko Tabata, ukutani, chini ya rangi ya kahawia. Nikamwambia hapana, ngoja niende nikaishi kwenye pesa yangu.

Hakubishana. Akanishika mkono tukazunguka nyuma ya lori, akaanza kunielekeza kama mzazi anayempeleka mtoto bweni.

"Friji usiiweke chini. Kuna matofali nimeyaacha nyuma ya choo, weka juu yake. Kitanda nacho. Mvua ikianza usiku usiwashe taa kabla hujagusa sakafu kwa mguu. Jirani wa kushoto ana ngazi, lakini mwamkie vizuri, anapenda kuheshimiwa. Vyura wasikutishe, hawana neno."

"Vyura?"

"Wachache."

Koko alinishika kichwa akaniombea kwa lugha yao. Ilikuwa sala ndefu. Sikuelewa kitu isipokuwa jina la Yesu, na Mama Keki, na Dar es Salaam, ambayo aliitaja kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa. (Mimi ni Mwislamu, lakini leo nilisema amina kwa nguvu kuliko wote.)

Tukaondoka. Elibariki hakusema neno tukipita mjini, hakusema Usa River, hakusema Moshi. Nilimshukuru moyoni, nikaona hapa nimepata kijana mwenye staha. Tulipoiacha Himo nyuma yetu akakohoa.

"Mama, naomba niulize kitu. Kwa hiyo wewe unakwenda kukaa kwao, na wao wamekaa kwako?"

"Ndiyo."

"Si mngebadilishana funguo tu?"

Mpaka hapa Same sijamjibu. Anakula ugali na mbuzi kwa furaha kubwa, na kila akinitazama anageukia upande wa pili, mabega yanamtikisika.

Nimefungua kundi nione kama Zuhura ameshawaambia. Ameandika maneno mawili tu, "Tumefika Arusha." Hakuongeza kitu. Mmempa makopa, mmeuliza Mwaju anaendeleaje, akajibu, "Mzima, ametupokea vizuri." Nikasoma hapo mara mbili. Angeweza kuniumbua mbele yenu wote, na haki anayo, lakini hakufanya. Ndiyo maana nimeona kazi hiyo niifanye mwenyewe.

Sasa ninachowaomba ni kimoja, msinicheke. Na anayetaka kuja kunitembelea Tabata, karibu sana, mlango uko wazi, ila tafadhali aje kiangazi.